Umeme wa Ubaoni

Kabambare nzima hapakuwa na mtu aliyeujua umeme kama Mwalimu Zéphirin, na huenda hapakuwa na mwalimu wa umeme popote aliyeugusa mara chache kama yeye. Alifundisha sehemu ya umeme katika shule ya ufundi isiyokuwa na waya, isiyokuwa na swichi, isiyokuwa hata na tundu la kuchomekea kitu. Mji wenyewe hauna nguzo. Mwenye kipaneli cha sola juu ya bati lake anasalimiwa kwa heshima zaidi, na wengine wanawahi kumaliza chakula kabla giza halijaingia. Katika mji wa namna hiyo, mtu fulani huko juu aliona vema vijana wasomee umeme. Akatuma mwalimu mmoja na ubao mmoja, kisha akaendelea na shughuli zake.

Chaki nazo zilikuwa za kubahatisha. Zilipoisha, Zéphirin aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu ambacho mkewe, Clémentine, alimchagulia kwenye ungo. Muhogo uliokauka vizuri unaandika, ila ukibaki na unyevu unakwaruza ubao mpaka darasa zima linasaga meno. Clémentine alishazoea kumwambia mumewe asimalizie darasani chakula cha watoto.

Zéphirin alizaliwa karibu na Kasongo, kwa wakulima wa mpunga na muhogo, Wakristo tangu mababu. Mapadri waliona ana kichwa wakamsukuma mbele. Huko alikosomea ualimu palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vipimo vya umeme vimepangwa safi: vya mkondo, vya volti, vya ukinzani. Kabati lilifungwa, na aliyekuwa na ufunguo alishakimbia vita. Zéphirin alivitazama vile vipimo kupitia kioo, akajifunza sura ya kila kimoja kama mtu anavyojifunza sura ya mama mkwe asiyeruhusiwa kumkaribia. Siku moja wenye bunduki wakafika, wakavunja kioo, wakabeba kila kitu. Yeye alikuwa hajagusa hata kimoja.

Basi alifundisha kwa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni barabara. Kila mtoto wa Kabambare anaijua njia ya kwenda Kasongo, na anajua namna pikipiki inavyoteseka kwenye madaraja ya magogo.

"Muko kwa njia," alikuwa akiwaambia. "Daraja ya kwanza mubaya, ya pili mubaya, ya tatu mubaya. Mutapita moja bila ingine?"

"Apana, Mwalimu!"

"Taabu ya safari ni nini?"

"Taabu ya zote pamoja!"

"Iyo ndio mfuatano. Ukinzani unajumlisha. Sasa wanainchi wanachoka, wanaweka daraja ya pili pembeni ya ile ya kwanza, kwa muto mumoja. Watu wanapita wapi?"

"Pote pawili!"

"Na foleni?"

"Inapunguka!"

Hapo ndipo Chadia alipoinua mkono kwa mara ya kwanza, miaka michache iliyopita, akiwa bado mgeni darasani. Alikuwa binti wa fundi cherehani, mkimya, mwenye kitambaa cha kichwa kisichokaa sawa.

"Mwalimu, na kama ile daraja ya pembeni ni mubaya kuliko ya kwanza?"

Zéphirin alisimama na kipande chake cha muhogo hewani. Tangu aanze kufundisha alikuwa analingoja swali hilo.

"Hata ikiwa mubaya," akasema polepole, "mbili pembeni kwa pembeni ni rahisi kupita kuliko moja. Ukinzani wa sambamba unakuwa chini kuliko hata ule mudogo kati yao. Mutoto, nani alikufundisha kuuliza hivi?"

Hakuna aliyemfundisha. Kuanzia siku hiyo Zéphirin alikuwa na mtu wa kuongea naye. Kwa Clémentine alikuwa akisema wazi kwamba huyu binti atafika mahali ambapo yeye hakufika, na Clémentine, aliyewahi kusikia maneno hayo kuhusu wengine, alikuwa anaitikia tu huku akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga.

Sasa kuna jambo la ule ubao, nalo lazima lielezwe. Upande wa kulia, chini, ulikuwa umeoza na kutoboka, tobo la kupitisha kichwa cha mbuzi. Kwa hiyo Zéphirin hakuweza kuchora sakiti kama vitabu vinavyotaka. Betri aliiweka kushoto, na mstari wa kurudi, badala ya kuzunguka kwa chini, aliupindisha juu ukaukata ule mstari wa kwenda, ndipo ukashuka kwenye betri. Mistari miwili ikikatana bila kugusana, mchoraji anatakiwa kuweka kinundu kidogo mahali pa kukatia, kuonyesha kwamba waya mmoja unaruka mwingine. Miaka ya mwanzo alikiweka. Baadaye akachoka. Kila mtu darasani alishajua kwamba pale mistari inapitana tu, na muhogo haulipuki. Darasa likaingia na kutoka, na wote walichora mistari yao ikikatana hivyo hivyo, bila kinundu, na walipata maksi zao zote.

Msimu huu wa mvua ukaja ujumbe. Mkuu wa shule, Ramazani, ambaye wote wanamwita Prefe, alimwita ofisini akafunga mlango, na Prefe hakuwa mtu wa kufunga milango.

"Mwalimu, inspecteur anakuja. Section yenye haina pratique, kazi ya mikono, watafunga. Anataka kuona watoto wanawasha kitu."

"Wawashe na nini, Prefe?"

"Iyo ndio nakuulizaka mimi wewe."

Zéphirin alitoka pale akipiga hesabu. Sehemu ikifungwa, vijana wa mwaka wa mwisho hawatafanya mtihani wa serikali wa umeme. Wenye ndugu Kasongo wangeweza kwenda kumalizia huko, lakini wenye ndugu Kasongo walikuwa wachache, na Chadia hakuwa mmoja wao. Na yeye mwenyewe? Maisha yake yote yalikuwa katika chumba kile. Ukiondoa ile sehemu ya umeme, Zéphirin angebaki mkulima asiyejua kulima.

Akapiga moyo konde, akaanza kuomba. Waendesha pikipiki walimpa balbu tatu za taa ya mbele. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga alikuwa na mota iliyoungua, akamruhusu kuifumua, na ndani yake ikatoka shaba nene, nyeusi kwa moshi. Kilichobaki ni betri. Mji mzima betri nzuri ilikuwa moja, na ilikuwa ya chumba cha kuzalia.

Mado, mkunga wa pale, alimsikiliza akiwa amekunja mikono.

"Mwalimu, hii batri ndio macho yetu. Mama akifika na maumivu, mimi nitaona nini?"

"Ni mchana tu, Mama Mado. Mangaribi haijafika, nitairudisha na mikono yangu."

"Na mikono yako."

"Na mikono yangu."

Mado mwenyewe ndiye aliyewazalisha wengi wa wanafunzi wale, akiwemo Chadia. Mwishowe alikubali, lakini kwa siku ile ile ya mkaguzi tu, kabla ya hapo hataki kuisikia habari hiyo.

Hivyo walifanya mazoezi bila betri. Walipanga nyaya juu ya meza, Chadia akifuata mkondo kwa kidole: unatoka hapa, unapita balbu hii yote, hapa unagawanyika nusu kwa nusu, hapa unakutana tena, unarudi nyumbani. Zéphirin alikuwa akisimama nyuma yake na furaha inayomuumiza kifua. Aliwaonyesha namna ya kukwangua ncha za nyaya kwa kisu, urefu wa kidole kimoja, ili ziume vizuri. Hakuwaambia kwa nini ncha tu. Swali hilo halikuwahi kumjia mtu yeyote mle ndani, kwa sababu mstari wa muhogo hauna ganda la kuzuia waya usiguse mwenzake.

Mgeni mkubwa akitarajiwa, kwetu kila kitu lazima kiwake. Wavulana walifagia uwanja na kupaka chokaa mawe ya njiani. Wasichana wakaangalia zile nyaya nyeusi za mota wakaona aibu. Mgeni atoke mbali na tope lake lote aje kuonyeshwa masizi? Wakazipeleka mtoni pamoja na sufuria za mlinzi wa shule, wakazisugua kwa mchanga na majivu toka ncha hadi ncha. Lile ganda la mota, ambalo moto ulishalichoma likawa linapukutika, lote likaenda na maji. Zilirudi zikimeta. Chadia ndiye aliyemletea mwalimu, amezibeba kwa mikono miwili.

"Mwalimu, angalia!"

Naye aliangalia, akasema ni nzuri sana. Hakuna la kumtetea hapo. Alizishika, akaona shaba tupu inang'aa mkononi mwake, na mtu aliyefundisha umeme miaka yote hiyo akafurahi kama bibi arusi aliyeletewa hereni.

Mkaguzi alifika asubuhi juu ya pikipiki, tope mpaka kwenye miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye sauti ya chini, na alimshukuru kila aliyempa maji. Betri ilikuwa imefika muda mfupi kabla yake. Zéphirin alitamani kuijaribu kwanza, lakini aliogopa wataimaliza nguvu kabla ya mgeni kuona, akaizungushia kitambaa akaiacha.

"Mwalimu asimame nyuma," mkaguzi akasema. "Asiseme, asiguse. Mimi nataka kuona watoto."

Akatoa swali lake. Balbu tatu, kila moja omu nne. Mbili ziwe sambamba, ya tatu iwe kwa mfuatano nazo. Betri volti kumi na mbili. Chadia akaenda ubaoni, na Zéphirin, nyuma kabisa, akaanza kusogeza midomo naye.

Mbili za omu nne zikiwa sambamba ni omu mbili. Ongeza ile ya tatu, omu nne, jumla ni sita. Volti kumi na mbili kwa omu sita, mkondo ni ampea mbili. Nguvu ya jumla ni wati ishirini na nne. Mkaguzi akainua kichwa.

"Na kila ampoule," akaonyesha balbu, "inakula ngapi?"

"Ile ya peke yake inapitisha mukondo yote, wati kumi na sita," akasema Chadia bila kusita. "Zile mbili zinagawanya, kila moja ampea moja, wati ine ine. Kumi na sita, na ine, na ine. Inarudi ishirini na ine."

"Kwa hiyo zitawaka sawa?"

"Apana. Ile moja itawaka sana. Hizi mbili zitakuwa dhaifu."

Mkaguzi alitabasamu. Prefe, aliyejibanza mlangoni, alishusha pumzi. Na Zéphirin, jamani, Zéphirin alikuwa analia machozi kabisa. Hakuwahi kusikia hesabu ile ikisemwa vizuri namna hiyo, hata na yeye mwenyewe.

"Vizuri sana. Sasa muiwashe."

Chadia na wenzake wawili wakafunua betri. Wakapanga balbu. Wakachukua zile nyaya za kumeta wakaanza kuzilaza juu ya meza, na wakazilaza kama walivyofundishwa, pembe kwa pembe, mchoro mzima wa mwalimu wao umeshuka kutoka ubaoni. Waya wa kwenda huu hapa. Waya wa kurudi unapinda juu, unakuja, unalala juu ya waya wa kwenda, unashuka kwenye betri.

Zéphirin akaona. Kwanza aliona uzuri wake tu. Kisha akaona pale mistari inapokatana. Shaba tupu juu ya shaba tupu. Mkondo hautapita kwenye omu sita, hautazifikia zile balbu kabisa. Utakatia pale, pasipo na ukinzani wowote wa kuuzuia, na utakuwa mkubwa kupita kiasi. Aliijua ile hesabu. Gawanya kumi na mbili kwa karibu na sifuri.

Akafungua mdomo. Mkaguzi alikuwa ametazama meza. Akisema neno, mtihani umevunjika, sehemu imefungwa, na yeye ndiye atakuwa ameifunga. Labda ganda limebaki kidogo mahali fulani. Labda hazijagusana sawasawa. Chadia aligeuka kumtazama, ametulia, akitafuta tu uso wa mwalimu wake kabla ya kubana waya wa mwisho. Zéphirin akafunga mdomo, akatikisa kichwa kukubali.

Cheche ilikuwa nyeupe. Waya uligeuka mwekundu wote kwa pamoja na kuunguza mistari yake kwenye meza, na betri, iliyokuwa imetoka kuchajiwa kwa sola, ikapiga mlio kama wa bunduki. Kifuniko kikapasuka. Wanafunzi wenye kumbukumbu ya milio ya namna hiyo walilala chini papo hapo. Harufu ya mayai mabovu ikajaa chumbani, na maji makali ya betri yakamwagika mezani, yakadondoka sakafuni. Hakuna aliyeumia, isipokuwa Chadia aliungua vidole viwili. Balbu zote tatu zilikuwa nzima. Hazikuwaka hata kidogo.

Mkaguzi alitoka nje na Prefe, wakasimama kwenye mawe meupe. Baadaye alimwita Zéphirin.

"Mwalimu, yule binti anajua hesabu, calcul, kuliko wengi niliokuta Kasongo. Nakuambia ukweli."

"Basi, Bwana Inspecteur—"

"Lakini nitasema nini? Section iko wapi? Nioneshe mahali iko, nitaiandika."

Zéphirin aligeuka kuangalia. Kulikuwa na chumba, na ubao wenye tobo. Mkaguzi alimshika bega kwa upole, na upole ule ulimmaliza kuliko matusi.

Betri aliirudisha na mikono yake, kama alivyoahidi, kabla ya magharibi. Aliizungushia kile kitambaa, lakini maji yake yalikuwa yameshakila kitambaa na kuanza kulila shati. Mado alikuwa ameketi nje ya chumba cha kuzalia. Alifunua, akaona, akafunika tena. Zéphirin alisubiri apigiwe kelele, alizitaka zile kelele.

"Iko mama mumoja ndani," Mado akasema. "Wa kwanza wake. Mtoto anakawia."

"Mama Mado, mimi—"

"Enda kwako, Mwalimu. Nitashika torshi ya telefone na meno. Tulifanyaka hivi zamani."

Nyumbani Clémentine alimwekea chakula, hakula. Alibaki amekaa huku anajiuliza jambo moja, lile lile. Kama angepiga kelele pale nyuma ya darasa, sehemu ingefungwa vilevile, lakini betri ingepona. Alichagua nini hasa, na kwa faida ya nani? Clémentine alisema, "Baba Estelle, ni Mungu anajua." Zéphirin aliona kwamba Mungu hakuwa amesimama nyuma ya darasa.

Juma lililofuata Prefe aliwagawa wanafunzi. Wengine kwenye ualimu, wengine kwenye kilimo, na Zéphirin akapewa kufundisha hesabu za darasa la chini. Alikuwa anakusanya balbu zake tatu ili awarudishie wenyewe, ndipo Chadia akaingia. Vidole vilikuwa vimefungwa kitambaa. Sketi yake ya sare, baada ya kufuliwa, ilikuwa imetoboka vitundu kila mahali yale maji yalipoirukia.

"Mwalimu, nilirudilia ile calcul nyumbani," akasema. "Mara mingi. Omu sita, ampea mbili, wati ishirini na ine. Sioni fote, sioni kosa."

"Haiko fote. Calcul yako iko sawa."

"Basi waya? Tuliiweka vibaya?"

"Muliiweka kama nilichora."

Chadia alikunja uso akifikiri. Zéphirin aliujua uso ule, ndio uso wa siku ya madaraja, na kwa mara ya kwanza aliuogopa.

"Na wewe ulituona," akasema Chadia. "Nilikuangalia. Ulinifanyia hivi na kichwa."

"Nilikuona."

"Ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Mlango ulikuwa wazi na nje watoto walikuwa wanapiga kelele, hakuna ambaye angesikia.

"Nilijua," akasema. "Kosa si yako, Chadia. Si ya wenzako. Ni yangu mimi."

Alisema hivyo kwa moyo wake wote, tena kwa unyenyekevu. Lakini katikati ya maneno aligundua kwamba anangoja. Alikuwa anangoja yule binti, ambaye aliwahi kumwambia kwamba hakuna mwalimu kama yeye, aseme hapana, Mwalimu, usiseme hivyo.

Chadia alirekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, kisha akatoka.